Tangi la Lita Arobaini na Tano

Koti la kijivu lilikata kona.

Nge akaikata nyuma yake.

Uchochoro ulikuwa mwembamba, umejaa mabati, ndoo za rangi na marundo ya misumari ya kuuzwa kwa kilo. Mwanamume aliyekuwa ndani ya koti lile aliipiga teke ngazi moja. Ngazi ikaangukia nyingine, na hiyo nyingine ikaangukia meza ya makufuli. Wauza vifaa wakaanza kutukana, kila mmoja kwa ufundi wake.

"Samahani, wazee wangu," Nge alisema huku akiruka juu ya makufuli.

Saa yake ya Casio ilionyesha saa tatu na dakika arobaini na saba asubuhi. Kwa siku tisa hakuwa amelala usingizi wa maana. Siku ya kwanza kati ya hizo, chumba kimoja cha mawasiliano ya jeshi kilifunguliwa asubuhi na kukutwa rafu moja ni tupu. Kilichoibwa kilikuwa mashine yenye ukubwa wa betri ya gari. Kazi yake ni kufunga na kufungua siri zote za serikali, na yeyote ambaye angeinunua angekuwa anasoma barua za nchi nzima huku anakunywa chai. Barabara zilikuwa zimewekewa vizuizi. Bandari ilikuwa inapekuliwa. Uwanja wa ndege ulijaa watu wa idara ya usalama, wenzake Nge, waliojifanya wanasubiri wageni.

Uzi pekee uliobaki mkononi ulikuwa huyu mwenye koti la kijivu.

Nao ulikuwa unakatika.

Mwanamume alifika barabarani, akageuka, akamrushia Nge mfuko wake usoni. Kisha akadandia nyuma ya lori lililokuwa linaondoka. Nge alikimbia hatua ishirini nyuma ya lori lile, akala vumbi la kutosha, akasimama akihema.

Akaufungua mfuko.

Mirija miwili ya silikoni, imekamuliwa mpaka mwisho. Mkasi wa kukatia bati. Na kipande cha alumini, si kikubwa kuliko kiganja, chenye maandishi yaliyogongwa kwa nyundo na mihuri ya chuma.

LITA 45.

Lakini ile A haikuwa A. Ilikuwa V iliyogongwa kichwa chini miguu juu.

Nge aliijua V ile.

Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akigonga A namna hiyo. Alinunua seti ya mihuri iliyokwishatumika, akafika nyumbani akakuta A haimo, na kwa miaka minane akakataa kununua nyingine wakati V ipo na inaweza kupinduliwa. Ukaidi wa aina hiyo hausomewi. Mtu huzaliwa nao.

Alikuwa kaka yake.

Familia ilimjua Nge kama karani wa takwimu, anayezunguka nchi kuhesabu kuku na ng'ombe wa watu. Nyumbani hawakumwita Nge. Walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Kaka mtu alikuwa mwalimu wa hisabati mstaafu, na tangu alipostaafu alikuwa akijenga ndege ya watu wawili katika banda la nyuma ya nyumba. Mabawa aliyapinda mwenyewe. Injini ya Rotax aliisubiri miaka mitatu. Tangi la mafuta alilichomelea mwenyewe pia, na hilo tangi ndilo lililomtoa jasho.

Lilikuwa linavuja kwenye mshono. Alilichomelea upya, likavuja pembeni. Akapaka gundi ya chuma, ikabanduka. Mwisho akakanda kipande cha sabuni na kukibandika pale, dawa ya tangu enzi za babu, na likatulia wiki mbili kabla ya kuanza kulia tena. Ndipo akatokea mtu mmoja, mcheshi, mwenye meno mengi na maswali machache, akasema yeye ni mpenzi wa ndege na angependa kuwa mfadhili. Fundi wake angeliziba tangi bure. Walilichukua siku nne, wakalirudisha kavu, halitoi hata tone. Kaka alipiga simu kwa ukoo mzima kutangaza.

Leo saa tano kamili angevuka ziwa kwa mara ya kwanza. Mfadhili alikuwa ameahidi kwamba rafiki zake wangempokea upande wa pili.

Nge alimpigia. Simu imezimwa. Sheria ya kaka: penye petroli hapana simu.

Akampigia mke wa kaka.

"Wee wifi!" sauti ikalipuka. "Leo jua limetokea magharibi? Umekumbuka kuna watu huku?"

"Wifi, kaka yuko wapi?"

"Atakuwa wapi? Yuko na mke mwenzangu. Amemfuta vumbi tangu alfajiri. Amevaa na shati la harusi, ungemwona ungecheka. Mimi ameniachia uchafu wao. Lile dumu la petroli wamelitupa hapa barazani, limebaki nusu nzima, na nguo zangu zote zinanuka."

"Dumu la lita ngapi?"

"Ishirini. Walikuja na mawili jana kujaza tangi. La kwanza likaisha, la pili likabaki nusu."

"Hapakuwa na la tatu?"

"Nilikuwa pale nafua tangu wanafika mpaka wanaondoka. Macho ninayo. Kwani siku hizi takwimu mnahesabu na madumu?"

"Na kabla ya kujaza, tangi lilikuwa na kitu?"

"Lilikuwa limetoka kwa fundi wao saa ile ile. Kavu. Nililibeba mwenyewe kutoka garini, nikasema mbona hili tangi limenenepa, kakako akasema nimezeeka. Akaenda kutafuta kijiti chake, akarudi limeshajazwa. Akatumbukiza, kijiti kikasema limejaa, akacheza ngoma uani peke yake."

Kijiti. Nge alikijua. Kaka alikuwa amemimina maji ndani ya tangi lita moja moja, na kila lita akakata alama kwa kisu, mpaka arobaini na tano. Kipimo cha mshale kinaweza kudanganya, alikuwa akisema, lakini kijiti hakina nyaya.

Ila kijiti kinapima kina. Hakipimi upana. Mtu akijenga ukuta wa pili ndani ya tangi na kuficha kitu nyuma yake, mafuta yatafika juu kama kawaida, na kijiti kitasema limejaa kwa uaminifu wake wote.

Ishirini na kumi ni thelathini. Injini inakunywa lita kumi na tano kwa saa. Thelathini ni saa mbili.

Kuvuka ziwa ni saa mbili na nusu.

"Wifi, nisikilize. Usiende uwanjani peke yako. Nisubiri hapo, na hilo dumu usilimwage."

"Kuna nini?"

"Nakuja."

Alikata, akashika redio yake ya Motorola, yenye waya wa kusikilizia sikioni. Upande wa pili alikuwa mkuu wake. Jina lake hakuna aliyelitumia; aliitwa kwa mahali alipokaa.

"Ghorofa ya Nne, hapa Nge."

"Sema."

"Mzigo uko ndani ya tangi la ndege ndogo. Kiwanja cha nyasi, nyuma ya karakana ya mbao. Inaruka saa tano."

"Una uhakika?"

"Nimeshika kipande cha tangi."



"Vizuri. Iache iruke."

Nge alidhani hakusikia sawasawa. "Rudia, Ghorofa ya Nne."

"Iache iruke. Tukiwakamata hapa tunapata dagaa. Papa yuko ng'ambo, anasubiri kupokea."

"Haitafika ng'ambo. Wamekula theluthi ya tangi bila kupiga hesabu. Mafuta yatakwisha juu ya maji."

"Nani kasema?"

"Mtu aliyekuwa anafua nguo."

"Nge, acha mzaha."

"Rubani ni kaka yangu. Tumbo moja."



"Pole. Tutaweka boti mbili."

"Boti mbili kwenye kilomita mia tatu na sabini?"

"Amri ni hiyo. Irudie."

Nge hakuirudia. Alibonyeza kitufe na sauti ikafa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndivyo walivyosema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na kaka angani.

Saa nne na dakika nane.

Aliiamsha Honda yake na kuondoka. Kilomita arobaini na mbili. Alipita kati ya malori, alipita juu ya kingo za barabara, alipita mahali ambapo pikipiki haitakiwi na alitukanwa na watu wenye haki kamili ya kumtukana. Kwenye makutano ya reli kizuizi kilikuwa kimeshuka. Treni ya mizigo ilikuwa inapita kwa mwendo wa bwana harusi. Nge alihesabu mabehewa. Kumi na nne. Ishirini na mbili. Aliondoa mkono kwenye usukani, akaurudisha. Thelathini na moja. Alijikuta anang'ata kamba ya helmeti. Alikuwa amewahi kulala juu ya paa la adui na kusinzia vizuri tu, lakini hili la kusubiri behewa la thelathini na nane lilimshinda.

Saa nne na dakika arobaini na sita alifunga breki mbele ya nyumba.

Wifi alikuwa amesimama barazani, kajifunga kiunoni, dumu mkononi.

"Nipe hilo. Wewe baki."

"Nibaki?" Wifi alikuwa tayari anapanda nyuma ya pikipiki. "Wewe ni dada tu. Mimi ndiye nitakayeitwa mjane. Endesha."

Kiwanja kilikuwa dakika tatu kutoka pale, nyasi zimekatwa fupi, kitambaa cha kuonyesha upepo kikicheza kwenye mti mrefu. Ndege ilikuwa imesimama kichwa kikielekea ziwani, mwili mweupe, mabawa mekundu. Kaka alikuwa ameshaketi, mkanda umefungwa, shati la harusi limempasuka kidogo kwapani. Nyuma ya kiti chake, umbali wa kiganja, kulikuwa na tangi.

Mfadhili alisimama karibu na bawa, gazeti lililokunjwa likiwa kwapani. Nyuma kidogo palikuwa na Land Cruiser yenye mtu mmoja ndani, aliyekuwa amewapa mgongo. Nge aliegesha Honda nyuma kabisa ya gari lile. Bastola yake aliiacha ilipo, chini ya jaketi. Risasi moja ikienda kombo ingemkuta kaka ameegemea lita thelathini za petroli.

"Kitinda!" Kaka uso ulimng'aa. "Umekuja kunisindikiza! Takwimu wamekupa ruhusa?"

"Kaka, shuka."

"Nishuke vipi? Nimeshafunga mkanda."

"Dada, tunamchelewesha bwana mkubwa," Mfadhili alisema kwa tabasamu. "Upepo utageuka sasa hivi."

Wifi alilitua dumu kwenye nyasi, puu!

"Mwalimu, nina swali la darasa la pili. Madumu mawili ya lita ishirini yaliingia uani kwangu. Moja liliisha. Hili limebaki nusu. Tangi lilikuwa tupu. Limeingia lita ngapi?"

"Thelathini," kaka alijibu kabla hajafikiri. Kisha akafikiri. "Lakini kijiti kimesema arobaini na tano."

"Kijiti kinapima kina, kaka," Nge alisema. "Hakipimi upana."

Mwalimu yule alikuwa amewafundisha watoto wa watu ujazo wa mchemraba kwa miaka thelathini, na sasa hesabu ile ile ilikuwa inapita usoni pake mstari kwa mstari. Alianza kufungua mkanda.

"Labda vijana wangu waliongeza kutoka dumu la tatu," Mfadhili alisema.

"La tatu mlilifichia wapi, mfukoni?" Wifi alimuuliza.

"Mwalimu, jamani. Utaniangusha kwa maneno ya wanawake?"

"Si maneno ya wanawake," kaka alisema, mguu mmoja ukiwa tayari nje. "Ni namba mbili zinazogombana. Namba zikigombana, ndege inakaa chini. Nimeiandika ukutani kwa mkono wangu."

Alipitisha mkono nyuma ya kiti na kugonga tangi kwa kifundo cha kidole. Upande wa kushoto, sauti ya mafuta. Katikati, sauti ya mafuta. Upande wa kulia, ko, ko, kitu kigumu.

Aligonga tena. Akapapasa mshono.

"Nani amekata tangi langu?"

Aliuliza polepole. Wakati huo mtu wa kwenye Land Cruiser alikuwa amegeuka kutazama kinachochelewesha.

Alikuwa amevaa koti la kijivu.

"Bosi! Ndiye huyu! Ndiye aliyenikimbiza!"

Gazeti likaanguka. Ndani yake kulikuwa na Glock, nayo ilimtazama kaka kifuani.

"Panda," Mfadhili alisema. Meno yote yalikuwa yamerudi mdomoni. "Funga mkanda, ruka."

"Haitafika," kaka alisema. "Bwana, haitafika, utaniua na mzigo wako utazama..."

"Ruka!"

Nge alikuwa ameinama. Mkono mmoja ulikuwa kwenye mpini wa dumu, mwingine ulikuwa umeshafungua kifuniko.

Akazungusha.

Lita kumi za petroli ziliruka hewani kwa pamoja na kumpiga Mfadhili kuanzia kwenye paji la uso mpaka kwenye viatu. Shati likamgandia. Bastola ikachuruzika. Macho yakamfumba yenyewe.

Kwa nguvu ya mzunguko ule, waya wa redio wa Nge ulikatika sikioni. Hakujali.

"Fyatua," alisema kwa utulivu.

Mfadhili alifumbua jicho moja, jekundu.

"Fyatua tu, baba. Cheche moja inatosha. Ila ukumbuke nani ataanza kuwaka."

Jicho lile lilitazama mkono wa shati, likatazama bastola, likatazama tena mkono wa shati. Ilikuwa nusu sekunde. Kwa Nge nusu sekunde ni mali. Teke lilikifikia kifundo cha mkono, Glock ikarukia nyasini, na Mfadhili akajikuta anakula nyasi hizo hizo huku mikono ikifungwa nyuma kwa kamba ya plastiki.

Land Cruiser ilinguruma. Mwenye koti la kijivu aliirudisha nyuma bila kutazama, akaipanda Honda, na gari likakwama juu yake magurudumu yakizunguka bure. Alifungua mlango na kukimbia hatua nne.

Ya tano alikutana na wifi, na wifi alikuwa ameokota dumu.

"Hilo ni la nguo zangu," alisema alipomwona ameketi chini.

Kaka hakutaka mtu mwingine aliguse tangi. Aliyaondoa mafuta kwa mpira, akalegeza boliti kumi na mbili za mfuniko kwa spana yake mwenyewe, akaingiza mkono mpaka begani. Alipoutoa, vidoleni mwake kulikuwa na kitu laini, kimevimba, kinakatika vipande vipande.

"Silikoni," alisema. Alilirudia neno, safari hii akimgeukia mwenye koti la kijivu. "Silikoni! Nani anaziba tangi la petroli kwa silikoni? Hii ni ya dirisha la bafu! Petroli inaila hii, bwana! Imeshaanza kuila! Vipande hivi vingeingia kwenye chujio na injini ingezima kabla hata ya nusu ya ziwa!"

Bastola ilikuwa imemtisha. Silikoni ilimtukana.

Nyuma ya ukuta ule wa uongo, ndani ya boksi lililofungwa plastiki tabaka saba, mashine ilikuwa imelala salama.

Magari mawili ya idara yalikuwa yanaingia kiwanjani kwa kasi. Nge aliwasha redio.

"Ghorofa ya Nne. Mzigo umepatikana. Wawili wamefungwa."

Waya ulikuwa umekatika, kwa hiyo jibu halikuja sikioni. Lilitoka kwenye redio kiunoni, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Nge, amri ilikuwa ndege iruke. Mtu mmoja hawezi kusimamisha kazi ya nchi. Sasa papa ameogelea zake. Kesho saa mbili asubuhi, ofisini kwangu, na kitambulisho chako mezani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Kaka alikuwa amesimama na spana mkononi. Alikuwa amesikia kila neno.

"Huyo mtu mmoja," alisema, "ni mimi?"

"Ndiyo, kaka."

"Walikuwa wanajua mafuta hayatoshi?"

"Niliwaambia."

"Wakasema niruke."

"Ndiyo."

"Na wewe si wa takwimu."

"Si wa takwimu."

"Ukawajibu nini?"

"Niliizima redio."

Spana ilimtoka mkononi. Alianza kucheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, kilio cha mtu mzima asiyejua hata aanzie wapi. Wifi alimshika kwa kola na kumkumbatia, huku akimgombeza kwamba shati la harusi limeharibika na halitatoka harufu mpaka kiama, na yeye mwenyewe alikuwa analia.

"Kitinda," kaka aliita juu ya bega la mkewe. "Njoo ukae hapa kwanza. Kaa na sisi."

"Nina barua ya kujieleza ya kuandika, kaka."

"Pikipiki yako imevunjika!"

"Nitatembea."

Aliwakabidhi wenzake wa idara boksi na wafungwa, akaweka mikono mfukoni, akakatiza kiwanja kuelekea barabarani kwa mwendo wa mtu aliyetumwa chumvi. Hakugeuka hata mara moja. Kwa miezi mingi baadaye wifi aliwasimulia majirani: alipita katikati ya wale wanaume wenye bunduki bila kupepesa, yule mtoto ana moyo wa chuma.

Wifi hakumwona usoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka Nge tangu neno la kwanza la kaka, na yalikuwa yameshafika kidevuni. Angesimama dakika moja tu, angekaa chini kwenye nyasi zile na asingeinuka mpaka jioni. Kwa hiyo hakusimama mpaka alipofika barabarani, ambako hakuna aliyemjua.